Barua ya Mzee Asakawa kwa Mfalme wa Japani, 1941: makaratasi yake yanaonyesha nini hasa

Kuna stori inapendwa sana na watu wanaofuatilia historia ya vita vya pili vya dunia. Inasema profesa mmoja Mjapani aliyekuwa anafundisha Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliandika barua ya amani ya kwenda kwa Mfalme Hirohito, Rais Roosevelt akaichukua, akaiweka sahihi, akaituma, ikakwama ofisi ya telegrafu Tokyo, na mpaka inamfikia Mfalme ndege za Japani zilikuwa zimeshafika Pearl Harbor, kambi ya meli za kivita za Marekani kule Hawaii. Kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake kidogo. Mimi naona nusu yake ni kweli na nusu si kweli, na ile nusu isiyo kweli ndo inamnyima mzee wa watu haki yake, maana barua yake yeye haikuchelewa. Haikutumwa kabisa.

Mzee mwenyewe ni Asakawa Kan'ichi (Wajapani jina la ukoo linatangulia, kwa hiyo Asakawa ndo ukoo). Makaratasi yake yapo Yale mpaka leo, kwenye idara ya nyaraka ya Maktaba ya Sterling pale New Haven: barua alizopokea, rasimu na nakala za alizoandika, shajara, noti za kufundishia, miswada ya utafiti. Nyingine ziko kwao Fukushima kwenye maktaba ya mkoa. Alikuwa mtu wa kutunza karatasi sana, na barua nzito alikuwa anaanza na rasimu, anabaki na nakala yake, ndo maana leo mtu anaweza kumfuata mawazo yake kwa zaidi ya miaka arobaini bila kubahatisha.

Sasa ili uielewe hiyo barua ya 1941 lazima uanzie mbali kidogo. Alizaliwa Desemba 1873 mji wa Nihonmatsu, miaka mitano tu baada ya ngome ya mji huo kuanguka kwenye vita vya ndani vya 1868, vile vilivyomrudisha Mfalme Meiji kwenye madaraka. Baba yake alikuwa samurai wa Nihonmatsu, yaani upande ulioshindwa, upande ulioitwa maadui wa Mfalme. Pale Nihonmatsu hata watoto wa miaka kumi na mbili, kumi na tatu walipewa silaha wakaenda kufa, na wanakumbukwa mpaka kesho. Hili mimi naliona kubwa, maana ukikuta huyu mtu baadaye anaandika kwa heshima kuhusu kiti cha Mfalme usije ukadhani ni yale mapenzi ya washindi ya kukaririshwa shuleni. Heshima yake aliijenga kwa kusoma, na nyumbani kwao walikuwa na kila sababu ya kuwa na kinyongo.

Akasoma Tokyo Senmon Gakko, ambacho ndo Chuo Kikuu cha Waseda cha leo, akamaliza 1895. Rais wa chuo cha Dartmouth, William Jewett Tucker, akamsaidia kwenda Marekani, Dartmouth akamaliza 1899, halafu Yale akapata udaktari 1902. Tasnifu yake ilihusu mageuzi ya Taika ya mwaka 645, pale dola ya Japani ilipojengwa upya chini ya Mfalme. Ushike huo mwaka 645, tutaurudia, maana barua ya 1941 kwa sehemu kubwa imetoka humo.

Halafu kuna vitabu viwili ambavyo ukivisoma pamoja unamwelewa mtu. Cha kwanza cha 1904, vita vya Japani na Urusi vinawaka, akaandika kwa Kiingereza kuwaeleza Wamarekani kwa nini Japani inapigana, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba Japani inasimamia mambo mawili: China isikatwekatwe vipande, na mataifa yote yawe na nafasi sawa ya kufanya biashara kule. Akazunguka anahutubia, watu wakamsikiliza. Vita vikaisha, Japani ikashinda, na ikaanza kufanya kule Manchuria (kaskazini mashariki mwa China) yaleyale iliyokuwa inawalaumu Warusi. Wengi wangenyamaza. Yeye 1909 akaandika kitabu cha pili, safari hii kwa Kijapani kwa ajili ya wenzake, kinaitwa Nihon no Kaki, na ndani yake akawaambia waziwazi kwamba mkiendelea kuhodhi Manchuria na kuvunja ahadi mliyoitoa mbele ya dunia, mwisho wake ni kugongana na Marekani. Mwaka 1909 jamani! Miaka 32 kabla ya Pearl Harbor. Na hakusema kwa utabiri wa nyota, alisema kwa sababu ile ahadi aliyoitangaza 1904 ilikuwa imetoka mdomoni mwake, alijua Wamarekani waliisikia na wataikumbuka.

Katikati hapo kuna kazi nyingi ambazo sitazimaliza. Alirudi Japani 1906 hadi 1907 kukusanya vitabu kwa ajili ya Yale na Maktaba ya Bunge la Marekani, vya Yale peke yake vilizidi juzuu 20,000, na kuanzia 1907 akawa mtunzaji wa mkusanyiko wa Asia Mashariki pale Yale huku anafundisha. Mkewe Mmarekani, Miriam, alifariki 1913 na hakuoa tena. Alirudi Japani mara moja tu nyingine, 1917 hadi 1919, akafika Iriki kule Kyushu akakuta nyaraka za ukoo mmoja za karne na karne, akazitafsiri na kuzichambua kwenye kitabu kilichotoka 1929, na kwa kitabu hicho wanahistoria wakubwa wa Ulaya kama Marc Bloch wakamjua. Mwaka 1937 akapewa uprofesa kamili, Mjapani wa kwanza kuupata Yale. Ndo mwaka huohuo Japani iliingia China kwa vita kamili.

Haya, tufike Novemba 1941.

Hali ilikuwa hivi. Jeshi la Japani limezama China mwaka wa tano sasa, Julai limeingia kusini mwa Indochina ya Wafaransa (Vietnam ya leo na majirani zake), Marekani imejibu kwa kufungia mali za Wajapani na kuwakatia mafuta, Oktoba Jenerali Tojo amekuwa waziri mkuu, na Washington balozi Nomura anakutana na waziri wa mambo ya nje Cordell Hull kikao baada ya kikao bila kuelewana. Hapo ndo anajitokeza Langdon Warner. Huyu alikuwa mtaalamu wa sanaa za Asia kwenye jumba la makumbusho la Fogg, Harvard, alisoma Japani ujanani mwake, na alifahamiana na Asakawa. Wazo lake: Rais amwandikie Mfalme moja kwa moja, aruke juu ya kichwa cha serikali ya Tojo, na mtu wa kuiandika barua kwa namna itakayomgusa Mfalme ni Asakawa. Asakawa akakubali, akakaa chini akaandika rasimu, Warner akaibeba Washington kuwapelekea watu aliowafahamu huko.

Kwenye makaratasi yenyewe, kitu cha kwanza ambacho msomaji anatakiwa kukiangalia ni jinsi barua ilivyofikiriwa. Asakawa hakuandika kama mwanadiplomasia. Aliandika kama mtu aliyetumia maisha yake kusoma jinsi nchi yake inavyobadilika. Hoja yake kwa kifupi ni hii: Japani Mfalme mara nyingi hashiki usukani kwa mkono wake mwenyewe, wanaotawala ni wengine, koo kubwa, mashoguni (watawala wa kijeshi wa zamani), sasa wanajeshi. Lakini yale mageuzi makubwa mawili ya historia yao, la 645 na la 1868, yote yalipita kwa idhini ya Mfalme, na idhini hiyo ndo iliyowafanya watu wageuke karibu kabisa bila kujiona wameshindwa na mtu. Kwa hiyo ukitaka Japani igeuke sasa usiitishie, maana ukiitishia kugeuka kunakuwa ni kusalimu amri, na hakuna jenerali atakayekubali. Mpe Mfalme njia ya heshima, ongea naye kama rafiki wa zamani, mkumbushe kwamba watu wake walishafanya mageuzi makubwa kuliko haya wakatoka wakiwa na nguvu zaidi, muachie mlango wazi apite mwenyewe.

Huu ni mkakati kabisa, tena umefikiriwa na mtu ambaye thesis yake ya miaka 39 nyuma ilihusu tukio hilohilo la 645. Nani mwingine Marekani nzima angeweza kuandika kitu kama hicho?

Sasa linganisha na barua iliyotumwa kweli. Roosevelt alimwandikia Mfalme tarehe 6 Desemba 1941. Inaanza vizuri, inakumbusha kwamba karibu miaka mia moja iliyopita rais wa Marekani aliutumia ujumbe wa urafiki mfalme wa Japani, yaani zile zama za Perry, ofisa wa jeshi la majini la Marekani aliyeupeleka ujumbe huo Japani. Ukisoma hapo unaweza kusema aaah, huyu ni Asakawa. Lakini ukishuka chini barua yote inageuka kuwa ni Indochina: wanajeshi wangapi waliingia kaskazini, wengine wakaingia kusini, kwa nini watu wa Ufilipino, Malaya, Thailand na visiwa vya Waholanzi wanakaa kama wamekalia pipa la baruti, na kwamba amani itapatikana wakiondoka. Mwisho kuna maneno mazuri kuhusu wajibu wao wote wawili wa kuzuia vifo. Habari ya 645 hakuna, habari ya Mfalme kuongoza mageuzi ya nchi yake hakuna, ule mlango wa heshima ambao Asakawa aliona ndo roho ya barua haupo. Ni barua ya kidiplomasia yenye dai moja, imepakwa adabu. Ukiziweka hizi mbili pamoja kwenye meza huwezi kusema moja imenakiliwa kutoka kwa nyingine, na Asakawa mwenyewe alipoisoma iliyotumwa hakufurahi nayo.

Na isitoshe wazo la Rais kumwandikia Mfalme halikuwa la Warner na Asakawa peke yao. Roosevelt alishataka ujumbe wake umfikie Mfalme Desemba 1937, Wajapani walipoizamisha meli ya Marekani USS Panay kule mto Yangtze. Oktoba 1941 pia aliandaa ujumbe kwa Mfalme ukaishia mezani. Na zile siku za mwisho kulikuwa na mchungaji wa Kimethodisti, E. Stanley Jones, mmishonari wa India, alikuwa anashirikiana kimyakimya na Terasaki Hidenari wa ubalozi wa Japani Washington, na tarehe 3 Desemba Jones aliingia kumwona Roosevelt kumsihi afanye hichohicho, amwandikie Mfalme. Terasaki alikuwa anacheza na shingo yake, ofisa wa ubalozi anayewaambia wageni wapite juu ya serikali yake! Kwa hiyo kulikuwa na watu kadhaa, kila mmoja kwa njia yake, wanasukuma mlango mmoja. Anayesema barua ni ya Asakawa anawafuta hawa wengine, na anamfuta Asakawa pia, kwa sababu anampa barua isiyo yake na kuisahau ile aliyoiandika.

Kuhusu kuchelewa, hiyo sehemu ni kweli tupu na ina masaa yake. Ujumbe uliondoka Washington saa tatu usiku tarehe 6, Tokyo ikiwa ni saa tano asubuhi ya tarehe 7. Roosevelt alimwambia Hull autume kwa kodi nyepesi (yaani maandishi ya siri yasiyo magumu kufumbua) ili uwahi, hakujali hata wakiunasa njiani. Ukafika Tokyo kama saa sita mchana. Ila jeshi lilikuwa limeshaagiza telegramu za kigeni zicheleweshwe, hayo yalitoka baadaye kwenye ushahidi wa kesi ya Tokyo walipohukumiwa viongozi wa Japani, kwa hiyo balozi wa Marekani Joseph Grew aliupata saa nne na nusu usiku, zaidi ya masaa kumi baadaye. Akakimbilia kwa waziri wa mambo ya nje Togo Shigenori, wakaonana saa sita na robo usiku, akaomba amwone Mfalme ana kwa ana. Togo akampitia Tojo kwanza, halafu akaenda ikulu, akamsomea Mfalme kama saa tisa usiku. Pearl Harbor ilipigwa saa tisa na dakika ishirini na tano kwa saa za Tokyo, na kabla yake wanajeshi walishaanza kushuka Kota Bharu kule Malaya. Watu 2,403 wakafa upande wa Wamarekani asubuhi ile ya Hawaii.

Watu wengi wanaishia hapo, wanasema kama isingekuwa yule ofisa wa telegrafu. Mimi sikubaliani, na nadhani yeyote anayeangalia tarehe hatakubaliana. Meli za kushambulia ziliondoka ghuba ya Hitokappu tarehe 26 Novemba. Kikao mbele ya Mfalme kilichoamua vita kilikaa tarehe 1 Desemba. Yaani hata ujumbe ungefika saa sita na dakika moja mchana ukapelekwa mbio ikulu, ungekuta uamuzi una siku sita na ndege ziko karibu kuruka. Kama barua ilikuwa na nafasi yoyote, nafasi hiyo ilikuwa Oktoba, au mapema Novemba.

Na hapa ndo nafika kwenye swali ambalo mimi naliona kubwa kuliko la nani aliandika: je, hoja ya Asakawa ilikuwa sahihi? Tuseme Roosevelt angetuma barua ya Asakawa neno kwa neno, tena mapema, ingefanya kazi?

Naona historia aliyoitegemea inajibu yenyewe, na jibu lake ni gumu. Mwaka 645 kabla ya Mfalme kuidhinisha chochote, Mwanamfalme Naka no Oe na Nakatomi no Kamatari walishamuua Soga no Iruka, mkubwa wa ukoo uliokuwa umeshika madaraka, mbele ya baraza. Mwaka 1868 kabla ya tamko la Mfalme kuwa na maana, Satsuma na Choshu, majimbo yaliyompigania Mfalme, walikuwa na majeshi barabarani, na mji wa baba yake Asakawa ulilipia kwa moto. Mara zote mbili neno la Mfalme liligonga muhuri kwenye kitu ambacho watu wa ndani walishakishika kwa mikono. Asakawa alilijua hili kuliko mtu yeyote, ndo kazi iliyompa jina. Novemba 1941 Tokyo hakukuwa na kundi la ndani lililoshika kitu. Tarehe 6 Septemba kwenye kikao Mfalme alitoa karatasi akasoma shairi la babu yake Meiji kuhusu bahari nne kuwa ndugu, wote wakaelewa anasikitika, na maandalizi ya vita yakaendelea kama kawaida. Kama shairi lake mwenyewe mbele ya majenerali wake halikuwazuia, barua ya mgeni ingewazuiaje?

Lakini usimhukumu haraka, angalia Agosti 1945. Safari hii ndani kulikuwa na watu: waziri mkuu Suzuki, Yonai wa jeshi la majini, Kido pale ikulu, na Togo yuleyule wa usiku wa barua, amerudi kwenye kiti kilekile cha mambo ya nje. Baraza limegawanyika katikati, wakampelekea Mfalme, Mfalme akasema tumalize, tarehe 10 na tena tarehe 14, na tarehe 15 watu wakamsikia redioni. Hata hivyo usiku wa kuamkia siku hiyo maofisa vijana waliingia ikulu kuitafuta ile rekodi ya sauti waiharibu. Kwa hiyo Asakawa alikuwa amesoma vizuri jinsi mlango unavyofunguka, ni kwamba unafunguliwa kutoka ndani, na 1941 waliokuwa nje tu ndo walikuwa wanagonga.

Huu uchambuzi hauwezekani kama tunaendelea kusimulia ile stori ya telegramu. Ndo maana nasisitiza rasimu isomwe kama rasimu. Rasimu iliyobaki kwenye faili la mwandishi inatuambia alichofikiri, haituambii nani aliipokea wala nani aliisoma. Watu wanaopenda mtu wao wakikuta karatasi kama hiyo kwenye sanduku wanaruka mpaka Ikulu ya Marekani kwa hatua moja, na nawaelewa, ni mapenzi, ila njia kati ya New Haven na Ikulu ilikuwa na Warner, ina watu wa Warner, ina Wizara ya Mambo ya Nje yenye waandishi wake wa rasimu, halafu ina Roosevelt mwenyewe. Kila mkono unapopita maneno yanabadilika. Mtafiti makini anatakiwa awe na faili la upande wa pili pia.

Warner mwenyewe alipatwa na kitu cha aina hiyohiyo. Baada ya vita Japani ilienea habari kwamba yeye ndo aliyeiokoa Kyoto na Nara zisipigwe mabomu, wakamjengea minara ya kumbukumbu. Mwenyewe alikataa. Aliyeitoa Kyoto kwenye orodha ya miji ya kupigwa bomu la atomiki ni waziri wa vita Henry Stimson. Watu waliovunjwa moyo na vita wanahitaji kuamini kwamba kuna msomi mmoja mpole aliyeipenda nchi yao akasikilizwa, na hitaji hilo linaeleweka kabisa, lakini lisitufanye tuandike historia isiyo ya kweli.

Na Asakawa baada ya Desemba 7? Kwa siku moja akawa raia wa nchi adui. Alikuwa ameishi Marekani zaidi ya miaka arobaini, mke wake kazikwa hapo, na hata angetaka uraia asingeupata kwa sababu sheria iliwakatalia wahamiaji Wajapani mpaka 1952. Yale chini ya rais wake Charles Seymour hawakumgusa, aliendelea na kazi mpaka akastaafu 1942 kwa umri. Upande wa pili wa nchi, pwani ya magharibi, watu karibu 120,000 wenye asili ya Kijapani waling'olewa majumbani wakawekwa kambini kwa amri ya Roosevelt ya Februari 1942, na wengi wao walikuwa raia wa kuzaliwa. Tofauti kati yake na wao ilikuwa anuani tu na jina la chuo. Hili linaniumiza kila nikilifikiria, na sidhani linaweza kuachwa nje ya kisa hiki, kwa sababu rais aliyeombwa aongee na Mfalme kama rafiki ndo huyohuyo aliyesaini amri ile chini ya miezi mitatu baadaye.

Mtu anaweza kuuliza sisi huku inatuhusu nini. Inatuhusu kwa damu. Vita ambavyo barua ile ilitaka kuvizuia viliwafikia wazee wetu: vijana wa Keya kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland (Malawi ya leo) walikwenda Burma na Divisheni ya 11, wakashuka bonde la Kabaw kwenye mvua za 1944 wakipigana na Wajapani. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa na manowari ya Kijapani karibu na Maldivi, wakafa watu karibu 1,300, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Na pale Kilindini, kwenye jengo la shule ya Allidina Visram, Waingereza waliweka watu wa kufumbua kodi za siri za jeshi la majini la Japani. Kwa hiyo ile meza ya New Haven haikuwa mbali kiasi hicho.

Asakawa alifariki Agosti 1948 huko Vermont, milimani alikokuwa amekwenda kupumzika. Amezikwa New Haven kwenye makaburi ya Grove Street, na kwao Nihonmatsu pia ana kaburi. Mwaka 2007, miaka mia tangu aanze kazi Yale, chuo kilitengeneza bustani ya Kijapani yenye jina lake kwenye koleji ya Saybrook.

Ukipata nafasi ya kuyafungua haya makaratasi, au ukimpata anayeyafanyia kazi, mimi ningeomba usianzie 1941. Anza na miaka ya 1904 hadi 1909, uone mtu anavyotoka kuwa mtetezi wa nchi yake mbele ya wageni mpaka kuwa mkosoaji wake mbele ya ndugu zake, bila kubadilisha hata kanuni moja. Halafu pitia barua za miaka ya katikati, pale anapoandika kwa watu wa Tokyo wenye nafasi, wengine aliosoma nao, akiwaambia jambo lilelile kwa upole uleule huku majibu yakipungua. Ukifika Novemba 1941 ukiwa umepitia huko, ile rasimu ya barua kwa Mfalme utaiona ilivyo: ni kitabu cha 1909 kimeandikwa upya, safari hii kwa msomaji mmoja.